Kisasi au mfuko wa barua? Filamu bubu ya mwaka 1921 iliyowagawa wasikilizaji wetu

Wiki mbili zilizopita, katika kipindi chetu cha usiku, nilisimulia kisa kimoja nikakikatisha katikati kwa makusudi. Kijana mdogo amesimama mlangoni, bunduki mkononi. Ndani ya nyumba baba yake amelala, amekata roho muda mfupi uliopita. Kitandani yuko kaka yake mkubwa ambaye hatatembea tena. Pembeni yupo mke wa kaka na kichanga chake. Waliosababisha yote haya wanajulikana, na wanapokaa panajulikana. Kijana anataka kwenda. Mama yake amejitupa chini, amemng'ang'ania miguu, anamsihi asitoke.

Nikauliza: mama amwachie mwanawe aende, au amzuie?

Simu hazikukatika hadi taarifa ya habari. Mzee mmoja alisema mtoto wa kiume akikaa siku kama ile, hana haja tena ya kuitwa jina la baba yake. Mama mmoja anayeuza samaki sokoni akamjibu hewani: "Sasa wakimuua na huyo, mimi nitakula jina?" Kijana wa bodaboda alituma ujumbe mfupi kuuliza kwa nini hawakwenda polisi. Wengi zaidi walitaka kujua kisa kimetoka wapi na kinaishaje. Dakika zilituishia, nikaahidi kuandika. Ahadi ni deni, basi nalipa.

Kisa si cha hapa kwetu. Ni filamu ya Marekani iitwayo "Tol'able David", iliyotoka mwaka 1921, enzi ambayo filamu hazikuwa na sauti. Mwongozaji ni Henry King, na mwigizaji mkuu ni Richard Barthelmess. Inatokana na hadithi fupi ya mwandishi Joseph Hergesheimer.

Neno "tol'able" ni matamshi ya watu wa milimani huko Marekani kwa neno lenye maana ya "anayevumilika", wala si mzuri sana wala si mbaya. Kwa Kiswahili tungesema "si haba". Ndivyo mama yake anavyomwita David kwa upole pale anapojigamba kuwa ameshakuwa mwanamume: wewe si haba, mwanangu, si haba tu. Mtoto wa mwisho yeyote anaijua hiyo. Unasifiwa na kushushwa kwa neno lilelile.

Familia mbili bondeni

Familia ya Kinemon inaishi katika bonde la Greenstream, kwenye shamba ambalo si mali yao. Baba, Hunter, ni mtu wa maneno machache. Allen, mtoto mkubwa, ana kazi inayoheshimiwa kuliko zote kijijini: anaendesha kigari cha farasi kinachobeba abiria na mifuko ya barua za serikali. David anamtazama kaka yake kama sisi tulivyokuwa tunamtazama dereva wa basi la mkoani. Ndoto yake ni kushika hatamu za kigari kile, hata siku moja tu.

Jirani yao ni mzee Hatburn na mjukuu wake wa kike, Esther. David na Esther wanapendana kwa aibu ya kitoto. Halafu wanaingia wageni: Iska Hatburn na vijana wake wawili, Luke na mwingine anayeitwa kwa jina la utani la ndege mla mizoga. Ni wahalifu, nao ni ndugu wa mbali wa mzee. Wanaingia nyumbani kwake bila kuombwa karibu, wanakaa kama kwao, na mzee hawezi kuwatoa kwa sababu anawaogopa na pia kwa sababu ni damu yake.

Sehemu hii hupitwa haraka na watu wanaoisimulia filamu hii, ila mimi naona ndipo ilipo nusu ya jambo. Tukisema "undugu" tunafikiria mikono inayosaidiana. Hapa undugu ndio mlango walioingilia majambazi. Esther anamwambia David asijiingize, kwamba hawawezi binamu zake. Msichana amefungwa katikati. Akisema, anawasaliti walio damu yake. Akinyamaza, anamsaliti anayempenda.

Kisha msiba. Hatburn wanamuua mbwa wa David. Allen, akiwa kazini na kigari chake, anakutana nao, na Luke anampiga jiwe kichwani kwa nyuma. Anarudishwa nyumbani akiwa mtu wa kulala kitandani. Baba hamwiti mkuu wa polisi wa wilaya. Anachukua bunduki ili akayamalize mwenyewe. Hafiki mlangoni. Moyo unasimama, anaanguka na kufa.

Hapo ndipo David anapoishika bunduki ya baba, na hapo ndipo nilipokatisha redioni.

Mama anashinda. Hoja yake haihusu dhambi wala sheria. Anamwambia mwanawe kwamba akienda atakufa, na akifa, mgonjwa yule, mjane yule na kichanga kile watabaki na nani? David anabaki. Na kubaki kwake kunamgharimu machoni mwa kijiji, kwa sababu hakuna anayemwona mtu aliyekaa nyumbani kwa ajili ya wengine. Wanaona mtu aliyeogopa. Familia inaondolewa shambani, inahamia kijumba kidogo kijijini. David anaomba kazi ya kaka yake, anaambiwa bado mdogo. Anaajiriwa dukani.

Kwa nini hawakwenda polisi?

Swali la kijana wa bodaboda ni zuri, na jibu lake liko kwenye historia.

Milima ya Appalachia, inayopita katika majimbo ya Virginia, West Virginia na Kentucky, ilikuwa na sifa ya koo kulipizana visasi. Ugomvi uliovuma kuliko yote ni wa koo za Hatfield na McCoy, waliokaa pande mbili za mto mdogo uitwao Tug Fork, mpakani mwa West Virginia na Kentucky. Mwaka 1878 walifikishana mbele ya hakimu kwa sababu ya nguruwe. Kila upande ulidai ni wake. Mwaka 1882, siku ya uchaguzi, vijana watatu wa McCoy walimjeruhi vibaya Ellison Hatfield, na alipokufa, watu wa Hatfield waliwachukua wale watatu wakawaua. Usiku wa mwaka mpya wa 1888 nyumba ya McCoy ilichomwa moto na watoto wake wawili wakauawa. Mwaka 1890 mtu mmoja wa upande wa Hatfield alinyongwa kwa amri ya mahakama, na baada ya hapo moto ukaanza kupoa.

Magazeti ya miji mikubwa yaliuza sana habari hizi. Ilipofika mwaka 1921 kila Mmarekani aliyeingia sinema alikuwa na picha kichwani: watu wa milimani, bunduki ukutani, mambo ya familia hayapelekwi kwa askari. Jina la Hatburn limekaa karibu mno na Hatfield, na sidhani kama hadhira ilikosa kuisikia harufu hiyo. Miaka miwili baadaye mchekeshaji Buster Keaton aliuchukua uhasama wa namna hiyohiyo na kuutengenezea vichekesho katika "Our Hospitality", kuhusu kijana anayekaribishwa chakula nyumbani kwa maadui wa ukoo wake. Kwa mila ya wenyeji wake hawawezi kumuua mgeni akiwa ndani, basi naye anakataa kabisa kutoka.

Kwa hiyo baba Kinemon anapochukua bunduki, watazamaji wa wakati ule hawakushangaa. Kilichowashangaza ni mama anayesimama njiani, na filamu inayokubaliana naye. Angalau kwa saa nzima.

Mfuko wa barua

Siku moja dereva mpya wa kigari analewa, anafukuzwa kazi, na hakuna mtu mwingine. David anapewa hatamu. Ndoto yake imetimia kwa njia ya mkato. Na siku hiyohiyo, karibu na nyumba ya Hatburn, mfuko wa barua unadondoka njiani bila yeye kuona. Luke anauokota.

Vijana wanaosoma hapa hawajawahi kungoja barua, kwa hiyo niseme kidogo uzito wa mfuko ule. Huduma ya kupelekea watu wa vijijini Marekani barua hadi karibu na nyumba zao ilianza kujaribiwa mwaka 1896, na ilianzia hukohuko West Virginia. Kabla ya hapo, na hata baadaye katika mabonde ya ndani, kigari cha barua ndicho kilichomuunganisha mkulima na dunia nzima: fedha, dawa, magazeti, barua ya mtoto aliyekwenda mjini, taarifa ya kifo. Aliyebeba mfuko alikula kiapo. Kuugusa mfuko usio wako lilikuwa kosa dhidi ya serikali kuu, si ugomvi wa majirani.

Mimi nimekulia mahali ambapo barua zilishushwa na basi mara mbili kwa wiki. Makarani wa ofisi ile ndogo waliwajua wenye masanduku kwa sura. Marehemu babu alikuwa akivaa koti kwenda kuulizia barua, hata kama hakuwa anategemea yoyote. Nilipoona David anageuza kichwa na kugundua mfuko haupo, nilihisi tumbo likinishuka.

Basi anakwenda kwa Hatburn. Nataka hapa tuwe makini, maana ndipo wasikilizaji wangu walipogawanyika tena nilipowaambia mwisho. Haendi kulipa kisasi. Anakwenda kudai mfuko. Hatburn wanakataa, wanamdhihaki, anapigwa risasi ya mkono, na hapo yanazuka mapambano. Anawapiga risasi Iska na kijana wake mdogo. Kisha wanabaki wawili ndani ya chumba, David mwembamba aliyejeruhiwa na Luke mwenye mwili kama mlango, wanapigana hadi watazamaji wanachoka kabla yao. Filamu imetuandaa mapema kwa kisa cha Daudi na Goliati wa Biblia, na jina la kijana si la bahati mbaya.

Esther anakimbia hadi kijijini akisema David ameuawa. Watu wanajikusanya kwenda kumtafuta. Wakiwa bado wanahangaika, kigari kinaingia. David yuko juu yake, damu imemganda, na mfuko wa barua upo.

Je, alikwenda kwa ajili ya barua au kwa ajili ya kaka yake na baba yake? Yule mzee wa kwanza alinipigia tena simu akicheka: "Si nilikwambia? Mwishowe alikwenda!" Mama wa samaki naye alishikilia kwamba hapana, alikwenda akiwa kazini, na huyo ni mtu mwingine kabisa.

Maoni yangu, na nitayasema wazi: filamu inataka kula pande zote mbili. Inamsifu mama kwa kuzuia kisasi, halafu inatupa kisasi chote tulichokuwa tunakitamani, kikiwa kimefungwa kwenye gunia la serikali ili tusione haya. Watatu wanaangushwa na hakuna anayeuliza swali la kisheria. Hata hivyo sikubali kwamba ni ujanja mtupu. Kuna tofauti kati ya mtu anayetoka nyumbani kwenda kuua na mtu anayesimama mahali alipowekwa na kusema hiki si chenu. Ugumu ni kwamba kwa nje wanafanana, na yawezekana hata David mwenyewe hajui yeye ni yupi.

Hadithi inasimuliwaje bila sauti?

Sisi wa redio tunafanya kazi kwa sauti bila picha. Wenzetu wa wakati ule walifanya kinyume, na kwa kweli nimejifunza kazi yangu kwa kuwatazama.

Filamu bubu hazikutazamwa kwa ukimya. Kulikuwa na mpiga piano au bendi nzima ukumbini. Maneno muhimu yaliandikwa kwenye vibao vilivyokatiza picha kwa sekunde chache. Lakini waongozaji wazuri waliona vibao ni kama deni, kadiri ulivyovitumia vichache ndivyo ulivyoheshimika. Kila kitu kilipaswa kuonekana.

Mfano bora katika filamu hii ni namna tunavyomjua Luke kwa mara ya kwanza. Hakuna kibao kinachotuambia kwamba ni mtu katili. Anatembea, anaona kipaka kidogo kimelala juani. Anaokota jiwe kubwa, analiinua juu yake. Ni mwenzake tu, anayepita na mizigo, anayemgonga bila kukusudia na kukiokoa kipaka. Basi. Tangu hapo, kila Luke akiingia kwenye picha, unajua.

Huko Urusi, mwongozaji Vsevolod Pudovkin aliichambua filamu hii katika maandishi yake ya miaka ya 1920 kuhusu namna ya kutengeneza filamu, na tukio la kipaka ni moja ya mifano aliyoitumia kueleza jinsi vipande vidogo vya picha vinavyounganishwa vikazaa maana. Fikiria hilo: sinema ya watu wa milimani Marekani ikawa somo kwa watengenezaji filamu wa nchi ya kikomunisti.

Aliyemwigiza Luke, Ernest Torrence, alizaliwa Edinburgh, Uskoti, na kazi yake ya awali ilikuwa kuimba opera. Mtu aliyeishi kwa sauti yake akapata umaarufu kwenye filamu asiyosikika hata neno moja! Baada ya hapo aliitwa sana kuigiza watu wabaya, akiwemo nahodha mwenye kulabu badala ya mkono katika "Peter Pan" ya mwaka 1924.

Barthelmess alikuwa na miaka 26 alipomwigiza kijana wa umri wa shule. Inakubalika, kwa sababu haigizi utoto kwa kurukaruka. Mtazame anapobaki nyumbani baada ya mama kumzuia. Mabega yanashuka kidogo tu. Alikuwa amepitia mikono ya D. W. Griffith, mwongozaji mkubwa wa enzi hizo, katika filamu za "Broken Blossoms" ya mwaka 1919 na "Way Down East" ya 1920. Griffith ndiye aliyekuwa na haki za hadithi hii kabla Barthelmess hajazichukua kwa ajili ya kampuni mpya aliyoianzisha na wenzake, Inspiration Pictures.

Na Henry King? Yeye alizaliwa Christiansburg, jimbo la Virginia. Alipoambiwa atengeneze filamu ya milimani hakujenga kijiji cha mbao studio. Alibeba kamera hadi kijiji cha Blue Grass, Virginia, jimbo la kwao. Uzio, madaraja, vumbi la barabara, namna watu wanavyokaa barazani mwa duka, vyote ni vya kweli. Ndiyo maana filamu haijachakaa.

Kuna kiungo kimoja na kwetu ambacho sikukitegemea. Henry King huyuhuyu, mwaka 1939, aliongoza "Stanley and Livingstone", filamu inayohusu safari ya mwandishi Stanley kumtafuta Livingstone aliyemkuta Ujiji, Kigoma. Na mwaka 1952 akaongoza "The Snows of Kilimanjaro", akiwa na Gregory Peck na Ava Gardner, kutokana na hadithi fupi ya Hemingway. Sehemu kubwa ilipigwa studio, kwa hiyo usitegemee kuiona Moshi.

Na sisi tulikuwa wapi?

Mwaka uleule wa 1921 Unguja ilifungua jumba la sinema la Royal, lililojengwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo filamu bubu si kitu kigeni kabisa katika pwani yetu. Wazee wa mjini walizitazama zikiwa mpya.

Na bara, kati ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, kambi yake ikiwa Vugiri, milima ya Usambara. Walipiga picha bila sauti, kisha maelezo yakarekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Gari likazunguka na mashine Afrika Mashariki. Moja ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta: anayezika fedha chini ya sakafu anaibiwa, aliyezipeleka posta anazipata. Nilipoisoma habari hiyo nikamkumbuka David na mfuko wake. Huku nako posta ilikuwa mahali ambapo mtu aliombwa kuamini watu asiowajua.

Jambo jingine. Nilipokuwa mdogo, filamu za kigeni katika vibanda vya video hatukuzielewa maneno, ila zilikuja na sauti ya Lufufu, marehemu Derek Mukandala, akitafsiri na kuongeza chumvi. Adui anapewa jina la mtaani kwetu, mhusika anaulizwa kwa nini amekosa adabu kwa mama mkwe. Huko Japani, enzi za filamu bubu, kulikuwa na wasimuliaji waliosimama kando ya pazia wakifanya kazi hiyohiyo. Waliitwa benshi, na wengine walikuwa maarufu kuliko waigizaji. Labda ndiyo sababu "Tol'able David" ilisimulika redioni bila taabu. Imeacha nafasi kwa msimuliaji.

Ukitaka kuitazama

Mwaka ilipotoka ilipata medali ya jarida la Photoplay, iliyopigiwa kura na wasomaji, na mwaka 2007 Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge. Mwaka 1930 ilitengenezwa tena ikiwa na sauti, ila wanaoikumbuka hiyo ni wachache. Wapenda filamu za kutisha watakutana nayo pia ndani ya "The Tingler" ya mwaka 1959, ambamo inaonyeshwa kwenye ukumbi wa sinema.

Haki miliki yake Marekani imekwisha, kwa hiyo inapatikana bure intaneti. Ina urefu wa kama saa moja na nusu, na maandishi yake ni ya Kiingereza cha milimani, kwa hiyo mkalishe karibu mtu anayesoma haraka. Angalizo moja tu la kiufundi. Kamera za wakati ule nyingi zilizungushwa kwa mkono na mwendo wake haukuwa sawa na wa mashine za leo, basi nakala zilizowekwa ovyo zinawafanya watu watembee kama siafu waliomwagiwa maji. Ukiona baba Kinemon anakimbilia bunduki kwa kasi ya kuchekesha, funga hiyo, tafuta nyingine. Katika nakala nzuri anainuka polepole.